Zenit, Pentax au Yashica: kamera ipi ya filamu kwa mimea ya msituni Uganda?

Siku moja ya mawingu, mwezi Aprili, nilisimama kando ya barabara ya Jinja pale Najjembe, jirani na vijana wanaouza kuku na gonja (ndizi) za kuchoma, nikapima mwanga kwa simu. Filamu ya ISO 100 (namba ya wepesi wake wa kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8 (namba hiyo ikikua, tundu hupungua): simu ikanipa sekunde 1/60. Nikaingia msitu wa Mabira, nikatembea kama dakika kumi, nikachuchumaa mbele ya kangaga lililokuwa likikunjua majani yake mapya, nikapima tena kwa mipangilio ileile. Sekunde moja nzima. Mwanga ulikuwa umepungua mara sitini, na hapo sikuwa nimefika penye giza lenyewe.

Vipimo hivyo viwili ndivyo vilivyonifanya niache kufuata ushauri wa kununua kamera niliokuwa nimeusoma. Sehemu kubwa ya ushauri huo hutoka Ulaya na Marekani, kwa watu wenye majira ya kuchipua. Huko maua ya chini ya msitu huwahi kuchanua kabla miti haijarudisha majani, kwa hiyo jua huyafikia bila kizuizi. Kwetu mambo ni kinyume. Miti mingine ya Mabira au Budongo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, lakini haipukutishi yote kwa pamoja, na mvua za Machi zinapoamsha mimea ya chini, paa la msitu limeshajifunga. Katika msitu wa tropiki uliofunga vizuri, mwanga unaofika ardhini ni kama asilimia moja au mbili tu ya ule ulioko juu ya miti. Kamera inayosifiwa kwa shata, yaani kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuifikia filamu, ya sekunde 1/1000 haikusaidii kitu hapo. Muulize muuzaji inafanya nini kati ya 1/15 na sekunde nne, na inaweza kulisogelea ua hadi umbali gani.

Nimetumia tatu kati ya hizi ninazozieleza, mbili zikiwa zangu na moja ya kuazima. Sitazipa nafasi sawa, kwa sababu hazilingani.

Nianze na Zenit-E, ya Kirusi, kwa kuwa ndiyo rahisi zaidi kuipata kwa bei ya mtu wa kawaida. Ilianza kutengenezwa mwaka 1965 huko Krasnogorsk, zikatoka kwa mamilioni. Ni nzito kama tofali na haina betri hata moja. Kipima mwanga chake ni cha seleniamu, kile kisahani chenye vijidirisha juu ya lenzi, na vingi vimekufa kwa uzee. Usihangaike nacho, programu ya simu inapima vizuri zaidi. Tatizo lake linaloonekana kubwa ni shata: kasi ndefu kabisa ni 1/30, kisha inakuja B, yaani shata inabaki wazi muda wote unaoshikilia kitufe. Kwa vipimo vyangu vya Najjembe, hakuna kasi hata moja kwenye gurudumu lile inayofaa msituni. Ni B tu.

Filamu yangu ya kwanza sikulielewa hilo. Nilipiga kwa 1/30 nikijipa moyo, nikapata picha ishirini na kitu za usiku wa manane. Filamu ya pili nikatumia B vizuri, nikasahau jambo jingine. Lenzi yake, Helios 44-2 ya milimita 58, ina pete mbili za tundu: moja unachagua f/8, nyingine unafunga kwa mkono baada ya kuweka fokasi. Nikaweka fokasi tundu likiwa wazi, nikasahau kulifunga. Nusu ya filamu imetoka f/2, imeungua kwa mwanga mwingi, huku kipande cha petali kikiwa kikali na vingine vyote vimeyeyuka. Wapo wanaoipenda Helios kwa mzunguko ule wa ukungu nyuma ya ua, na ni kweli ni mzuri. Lakini uupate kwa kukusudia.

Ajabu ni kwamba Zenit hii ndiyo iliyonifundisha mbinu ninayoitumia hadi leo kwenye kamera zote. Unafunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, unaunga waya wa kufyatulia, unakinga lenzi kwa kofia nyeusi bila kuigusa. Unafungua B. Kioo cha ndani kinaruka, kinatikisa mwili mzima wa kamera, na wewe unasubiri sekunde mbili kitulie. Kisha unaondoa kofia, unahesabu moja, mbili, tatu, nne, unairudisha, ndipo unafunga shata. Kwa picha ya sekunde mbili kwenda juu, mtikisiko wa kioo haupo tena, na Zenit ya bei ya chini inatoa ukali uleule wa kamera ya bei mara tano. Inayobaki ni kero ya dirisha la kutazamia: linaonyesha takriban theluthi mbili tu ya kitakachoingia kwenye filamu. Kila mara nakuta jani au kijiti pembeni ambacho sikukiona.

Pentax K1000 ni ndugu mstaarabu wa Zenit. Ilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, na wanafunzi wengi wa upigaji picha duniani walianzia hapo. Shata inakwenda hadi sekunde moja kamili, kisha B. Betri ni LR44 moja tu, ya kipima mwanga peke yake, na hiyo unaipata kwa fundi yeyote wa saa mjini. Ikiisha, kamera bado inapiga. Kipima mwanga hakina swichi ya kuzimia. Funika lenzi kwa kifuniko, la sivyo betri inaliwa kimyakimya kwenye mkoba.

Faida yake kubwa kwa maua madogo ni kwamba inapima mwanga uliokwisha kupita kwenye lenzi. Hili linahitaji maelezo kidogo. Maua ya Impatiens kando ya vijito yana upana wa sentimita tatu au nne. Lenzi ya kawaida ya milimita 50, hata ukiisogeza hadi mwisho wake wa sentimita 45, inakamata eneo la sentimita 24 hivi, na ua linakuwa doa katikati. Kwa hiyo unaweka pete ya kurefusha kati ya lenzi na kamera. Pete ya milimita 25 nyuma ya lenzi ya 50 inakufikisha nusu ya ukubwa halisi: ua la sentimita nne linachukua sentimita mbili za filamu. Lakini lenzi iliyosogezwa mbele inapoteza mwanga, na hapo unahitaji mara 2.25 ya muda uliopimwa na simu. K1000 imeshaihesabu hasara hiyo ndani yake. Mwenye Zenit lazima akumbuke kuzidisha, na mtu aliyepiga magoti matopeni huku siafu wanampanda mguuni hakumbuki hesabu.

Kasoro zake mbili. Sindano ya kipima mwanga ni nyeusi, na mbele ya kivuli cha msitu haionekani. Inabidi uelekeze kamera kwenye jani lenye mwanga kidogo, usome, urudi. Pili, haina kipima-muda cha kujifyatua wala namna ya kuinua kioo mapema. Kati ya 1/15 na nusu sekunde, pale ambapo mtikisiko wa kioo huharibu zaidi, K1000 haina dawa. Mimi huruka eneo hilo kabisa: nafunga tundu hadi f/16 ili muda ufike sekunde kadhaa, kisha natumia kofia. Mtu asiyetaka kucheza na kofia atafute Olympus OM-1, iliyotoka mwaka 1972 kwa jina la M-1. Ni nyepesi, na ina kijiti cha kuinua kioo kabla ya kupiga. Ningeichagua mbele ya zote kama si bei yake, na kama si betri: kipima mwanga chake kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Wengi huweka betri ya zinki ya vifaa vya kusikia, namba 675, yenye volti karibu na hizo.

Kabla sijafika kwa Yashica, hivi ndivyo zilivyo zikipangwa pamoja:

| | Zenit-E na Helios 58 mm | Pentax K1000 na 50 mm f/2 | Yashica Mat-124G |
|---|---|---|---|
| Umbali wa karibu kabisa | sm 50 | sm 45 | m 1 |
| Upana unaokamatwa hapo | sm 23 hivi | sm 24 hivi | sm 58 hivi |
| Kasi ndefu ya shata | 1/30, kisha B | sekunde 1, kisha B | sekunde 1, kisha B |
| Betri | haina | LR44, ya kipima mwanga tu | ya zebaki, ya kipima mwanga tu |
| Picha kwa filamu moja | 36 | 36 | 12 |

Mtu akiisoma safu ya mwisho bila kuishika kamera yenyewe, ataiacha Yashica dukani. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipoazimwa moja kwa wiki mbili.

Yashica Mat-124G, ya mwaka 1970, ni lile sanduku lenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo inayopiga. Hutazami mbele, unatazama chini, kwenye kioo cha mraba juu ya sanduku, ukiwa umeishika kifuani. Au, na hapa ndipo niliponyosha mikono, ukiwa umeiweka chini kabisa. Matungulu, kama Waganda wanavyoyaita, ni mmea wenye majani marefu kumpita mtu, lakini ua lake hutokeza ardhini, katikati ya majani makavu. Kulipiga kwa K1000 unalala kifudifudi, shavu kwenye udongo. Kwa Yashica unaweka kamera juu ya gunia lililokunjwa, unapiga magoti, unainamisha kichwa, unaliona ua lote kwenye kioo kikubwa kama dirisha. Picha imegeuzwa kushoto kuwa kulia, ndiyo. Siku ya kwanza unasukuma kamera upande usiofaa, siku ya tatu mkono umezoea.

Jambo la pili ni kwamba haina kioo cha kuruka. Shata yake iko ndani ya lenzi, ni vijani vya chuma vinavyofunguka kwa mlio mdogo kama wa kucha. Robo ya sekunde, nusu sekunde, zile kasi ninazozikimbia kwenye Pentax, Yashica inazipiga bila wasiwasi. Tena filamu yake inaitwa 120, na hilo ni jina tu, si milimita. Picha yenyewe ni mraba wa sentimita 6 kwa 6 kasoro kidogo, eneo zaidi ya mara tatu ya filamu ndogo. Ukiikuza, unyevu juu ya kuvumwani unauona tone kwa tone.

Sasa dosari. Mita moja ni mbali. Kwa kichaka kizima cha makangaga, kwa mizizi ya mti iliyofunikwa na mimea, kwa Scadoxus, lile ua jekundu la mviringo, pamoja na shina lake, umbali huo unatosha. Kwa Impatiens hautoshi. Kuna vioo vya kukaribia vinavyofungwa mbele ya lenzi, na havipunguzi mwanga, lakini lenzi ya juu na ya chini zimeachana kama sentimita nne, na ukikaribia tofauti hiyo inauma. Niliona ua zima kwenye kioo. Filamu ikaonyesha ua lililokatwa kichwa. Dawa ni kupanga picha, kisha kuinua kamera kwenye stendi kwa umbali uleule kabla ya kupiga, na kusahau kufanya hivyo ni kazi rahisi sana.

Zile kamera ndogo za kupima umbali kwa vivuli viwili, za FED, Zorki au Canonet, ziache kwa ajili ya harusi na mitaa ya Kampala. Hazikaribii vya kutosha na hazikuonyeshi kile lenzi inachokiona.

Kuhusu filamu, kosa ni kuchagua kwa mazoea ya nje. Filamu ya ISO 400 inakupa sekunde 1/4 kwa f/8 pale nilipopima, ya ISO 100 inakupa sekunde moja. Mwenye Yashica apige 400 bila stendi kubwa, akiegemeza sanduku kwenye gogo. Mwenye Zenit au Pentax, ambaye ameshakubali stendi na kofia, atumie 100 na avumilie. Lakini ajue kwamba filamu nayo huchoka: muda ukizidi sekunde moja, inahitaji zaidi ya ulichopima. HP5 Plus ya Ilford ukipima sekunde nne unaipa kama sita. Fomapan 100, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa bei, ukipima kumi unaipa themanini. Sekunde themanini msituni ni umri mrefu. Nzi atatua, tone litaanguka kutoka juu, jani litainama. Ndiyo maana napiga asubuhi, saa moja na nusu hadi saa tatu, kabla upepo haujaamka.

Rangi au nyeusi na nyeupe? Kwa Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la mviringo kama mpira wa nyuzi linalochomoza mvua zikianza, sioni sababu ya kutumia nyeusi na nyeupe. Wekundu na ukijani vinaweza kutoka kijivu kilekile, ua likapotea ndani ya majani yake. Ukiwa huna filamu nyingine, weka kichujio cha kijani: majani yanang'aa, ua linakuwa jeusi, angalau vinatengana. Kwa makangaga na magome ni kinyume. Filamu ya rangi chini ya paa la majani huvaa ukijani, hata ua jeupe linatoka kama limechovywa kwenye mchuzi wa mboga, na kazi inabaki ya kusahihisha baada ya kuskani. Nyeusi na nyeupe haina shida hiyo, na unaweza kuisafisha nyumbani. Maagizo yanasema nyuzi 20, bomba letu linatoa maji ya joto zaidi ya hapo. Naweka chupa za dawa kwenye beseni lenye barafu, natumia kipimajoto.

Kabla hujatoa pesa, chukua tochi ya simu, fungua tundu la lenzi lote, mulika kutoka nyuma. Ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa unyevunyevu wetu haitaacha kukua. Fungua mgongo wa kamera uguse sponji nyeusi za kuzuia mwanga. Zikinata kama lami, utalazimika kuzibadilisha, kazi ndogo lakini mwambie muuzaji apunguze bei. Kisha weka shata kwenye sekunde moja, kama ipo, na usikilize. Fundi mmoja mzee wa Kampala alinifanyia hivyo kwa Pentax niliyokuwa nimeshaanza kuihesabia noti. Alifyatua mara tatu, sikio kwenye kamera. "Ssebo," yaani bwana, akaniambia, "hii sekunde yake ni ya mgonjwa, inasimama njiani." Aliisafisha kwa siku mbili, na mpaka sasa inahesabu vizuri kuliko mimi.

Pahali napo huamua. Mpanga, kwenye barabara ya Masaka, na Mabira, ambayo mwaka 2007 watu waliingia barabarani Kampala kuipigania isikatwe kwa ajili ya miwa, zote ziko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu; unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, na ukimwambia mapema kwamba utakaa saa nzima mbele ya ua moja, atatafuta gogo akae. Hapo stendi na kofia vinawezekana. Bwindi na Kibale ni hifadhi za taifa, na ukienda na kundi la kutazama gorila au sokwe mtu, muda wenu nao ni saa moja na hakuna atakayekusubiri ukiunga waya. Omba matembezi ya kawaida ya msituni, au nenda na Yashica na filamu ya 400. Anayeanza kabisa ningemtuma Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, penye miti ya msitu na mwanga wa kutosha kukosea bila hasara kubwa.

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo na subira nyingi achukue Zenit, ila asiingie msituni bila stendi. Anayetaka maua madogo, yale ya kusogelewa mpaka uone chavua, achukue K1000 na seti ya pete za kurefusha. Hapo sina ubishi. Anayeiona mimea kama mandhari, kichaka na mizizi na mwanga unaopenya, Yashica itampa kitu ambacho hizo nyingine haziwezi, kwa gharama ya picha 12 tu kila filamu na kilo moja na zaidi begani.

Mimi Yashica nimeshairudisha kwa mwenyewe. Mvua za Septemba zikianza nitakuwa Mpanga na K1000, pete ya milimita 25, kofia ileile nyeusi, na Fomapan mbili. Nimeshamuuliza mwenye Yashica kama anaiuza. Amesema atafikiri.